Hodi ya Angani: Habari za Kuongoza Ndege katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Nchi iliyoko kusini ya Ziwa Victoria, tangu Shinyanga hata Geita, imeandikwa sana kwa ajili ya vitu vilivyomo chini ya ardhi yake. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Wajerumani mwaka wa 1898. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na Dr. John Williamson, mtu wa Kanada, mwaka wa 1940. Na tangu hapo kila aliyeshika kalamu kueleza habari za nchi hii ameinamisha kichwa na kutazama shimo. Wachache walioinua macho. Hata hivyo, juu ya mashimo hayo iko nchi nyingine, yenye njia na njia panda, milango na walinzi, ijapokuwa haina alama hata moja ionekanayo kwa jicho. Nchi hiyo ni anga. Habari zake zastahili kuandikwa, maana kwa muda wa karibu miaka 90 ilitawaliwa kwa neno la mdomo tu: mtu aliyeketi chini, asiyeiona ndege, akisema na mtu aliyeko juu, asiyemwona msemaji wake, na roho za watu zikiwa katikati ya maneno yao.

Mswahili anayeikaribia nyumba ya mwenziwe hupiga hodi kabla hajafika mlangoni, akangoja kuitikiwa. Akipiga mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Utaratibu wa kuongoza ndege, ukivuliwa mitambo yake yote, ni hodi hiyo hiyo. Rubani hutaja jina la ndege yake, mahali alipo, urefu alioko na haja yake. Naye aliye chini humjibu karibu, au ngoja, au pita kwingine. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: mgeni wa ardhini aweza kusimama mlangoni hata kukachwa, lakini ndege haiwezi kusimama. Kwa hiyo jibu lazima lije kwa wakati wake, na lazima liwe na maana moja tu.

Ndege ziliingia katika habari za nchi hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia ya anga kutoka London, na mwisho wa njia hiyo haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali Mwanza. Abiria walipelekwa hata Khartoum tu kwa wakati ule. Barua ndizo zilizosafiri mpaka mwisho. Kutoka Khartoum zilichukuliwa na ndege za majini, zilizofuata mto Naili kwenda juu hata Kisumu, kisha zikavuka ziwa. Fahari hiyo ya Mwanza haikudumu hata mwaka mmoja. Njia ilipoendelezwa mpaka Cape Town, Januari 1932, ilikata kutoka Kisumu kwenda Nairobi, ikapita Moshi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa pembeni.

Katika siku hizo hodi ya angani ilikuwa ya macho zaidi kuliko ya sauti. Ndege nyingi ndogo hazikuwa na simu ya upepo. Rubani alizunguka juu ya kiwanja akitazama mfuko wa kitambaa uliofungwa juu ya mlingoti, au moshi wa moto uliowashwa makusudi, apate kujua upepo unakotoka. Penye mlinzi mwenye taa maalumu, lugha ilikuwa ya rangi: mwanga wa kijani usiokatika ulimruhusu kutua, mwekundu usiokatika ulimtaka ampishe mwingine na kuendelea kuzunguka, mwekundu wa kumetameta ulimwonya kwamba kiwanja si salama. Lugha hiyo ya taa haijafa. Imo bado katika sheria za anga za dunia nzima, na kila mwanafunzi wa urubani huijifunza, kwa kuwa redio huweza kuharibika siku yoyote.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini nchi ya wakulima wa pamba na wafugaji ilihitaji ndege hata kidogo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka wa 1928, ikipita Shinyanga, nayo ilitosha kwa pamba na ng'ombe. Lakini mali ya machimbo si kama pamba. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka wa 1947, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa arusi yake, ilikuwa na karati 54.5, yaani haikufika hata gramu 11. Mali inayotoshea katika kiganja haina haja ya behewa. Ina haja ya upesi na ya ulinzi. Tena, udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga, kama ajuavyo kila aliyepita huko masika, hunata kama gundi na kuyashika magari kwa siku kadhaa. Mwadui ikajijengea kiwanja chake. Geita nayo, ambayo mgodi wake wa kwanza ulistawi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka wa 1966, ilikuwa ng'ambo ya maji kwa mtu atokaye Mwanza, na safari yake kwa nchi kavu ilikuwa ya kuvuka ghuba kwa kivuko. Mgodi mpya wa Geita ulipoanza kazi mwaka wa 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka wa 2001, ndege zilikuwa sehemu ya kazi ya kila siku, si anasa ya wakubwa.

Basi palikuwa na aina mbili za viwanja tangu mwanzo, na tofauti yake ndiyo kiini cha habari hizi. Vilikuwako viwanja vya serikali, ambavyo Mwanza ndicho kikubwa chao katika nchi ya ziwa, na huko hodi ilikuwa na mwitikiaji. Vilikuwako pia viwanja vya migodi, vya misheni na vya hifadhi za wanyama: ukanda wa udongo uliofyekwa, mfuko wa upepo, labda kibanda. Huko rubani alipiga hodi kwa nyumba isiyo na mtu.

Upande wa serikali ulipangwa baada ya vita kuu ya pili. Shirika la Wilson Airways, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, lilikoma mwaka wa 1939, ndege zake na marubani wake walipochukuliwa kwa kazi ya vita. Mwaka wa 1946 lilianza shirika la East African Airways, na Dakota zake zikawa zikionekana Mwanza kama basi za kawaida. Kazi ya kuangalia anga ya nchi zote za Afrika ya Mashariki ilitiwa chini ya kurugenzi moja yenye makao yake Nairobi. Nairobi pia ndiko kilikofunguliwa chuo cha mambo ya anga mwaka wa 1954. Juu ya yote hayo ulikuwako Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, uliotaka ndege itokayo nchi yoyote iingiapo nchi yoyote ikute kanuni zile zile.

Kanuni zenyewe zaeleweka vizuri zaidi mtu akimfikiria mwongoza ndege mahali pasipo rada, kama ilivyokuwa Mwanza kwa miaka mingi. Hana kioo cha kumwonyesha ndege ziko wapi. Mbele yake pana ubao wenye vipande vyembamba vya karatasi, na kila kipande kina habari za ndege moja: jina lake, aina yake, itokako, iendako, urefu wake, na dakika inayotazamiwa kupita mahali fulani. Rubani akitoa habari ya mahali alipo, mwongozaji huandika; akibadili urefu, hukata tarakimu ya zamani na kuandika mpya; ndege ikitua, kipande huondolewa. Anayeutazama ubao huo bila kuujua huona karatasi tu. Anayeujua huona anga nzima, ndege iliyo juu ya nyingine na iliyo nyuma ya nyingine, ingawa hakuna hata moja anayoiona kwa macho. Na kwa kuwa picha hiyo imejengwa kwa maneno ya marubani, rubani anayekosea kusema mahali alipo huiharibu picha nzima, naye mwongozaji hana njia ya kujua.

Kwa sababu hiyo nafasi kati ya ndege na ndege hufanywa kuwa kubwa kuliko inavyoonekana kuwa lazima. Katika urefu wa kawaida ndege mbili hutengwa kwa futi 1,000. Zikifuatana katika njia moja na urefu mmoja, hutengwa kwa dakika 10, na hata 15 pasipo mitambo ya kuthibitishia mahali. Hesabu hiyo ni bei ya upofu. Aidha, kwa kanuni ifuatwayo sasa, ndege ziendazo upande wa mashariki hushika maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, na ziendazo magharibi maelfu yanayogawanyika. Wale wanaoruka kwa kutazama nje huongeza futi 500. Anayetoka Mwanza kwenda Shinyanga, kusini mashariki, ataruka katika futi 5,500 au 7,500. Anayevuka ziwa kuelekea Bukoba atachagua 6,500 au 8,500. Hata wasiposikizana, watapishana mmoja juu na mmoja chini.

Lakini futi hizo hupimwa kutoka wapi? Swali hili ni la maisha na mauti. Chombo cha kupimia urefu ndani ya ndege, altimeta, hakipimi urefu; hupima uzito wa hewa na kuukisia urefu kwa huo. Usawa wa bahari hewa huwa na kipimo cha 1,013 kwa wastani. Ufukoni mwa Ziwa Victoria, ambao uko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,134, kipimo hushuka hata kiasi cha 884. Tena hewa hubadilika toka asubuhi hata jioni. Kwa hiyo neno moja katika mazungumzo ya kutua ni tarakimu ya hewa ya mahali hapo siku hiyo, inayoitwa kwa herufi tatu za QNH, ambazo ni masalio ya siku za simu za kugonga. Mwongozaji huitamka, rubani huirudia, na mwongozaji husikiliza kama amerudia sawasawa. Tofauti ya vipimo 10 ni tofauti ya futi 300 hivi. Usiku, juu ya maji yasiyo na taa, futi 300 ni ndege nzima.

Jambo jingine ambalo watu wa nje hawalitambui ni saa. Anga ya dunia yote hufuata saa ya Greenwich, na Tanzania imeitangulia saa hiyo kwa saa tatu. Ndege ikiruka Mwanza saa 7 asubuhi kwa saa ya ofisini, kipande cha karatasi huandikwa 0400. Na mama wa mwongozaji, akimwuliza nyumbani ndege ile iliondoka lini, hujibiwa saa moja. Mtu mmoja huishi kwa saa tatu, na haruhusiwi kuzichanganya hata mara moja. Hali kadhalika kwa lugha. Msukuma na Mhaya, wanaosema Kiswahili mezani, wakikutana redioni husema Kiingereza, tena Kiingereza kilichokatwakatwa na kuwekewa mipaka, ambamo hata namna ya kutamka tarakimu tatu, tano na tisa imeamriwa. Tangu mwaka wa 2008 marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wapaswa kupimwa ujuzi wao wa lugha hiyo. Wapenzi wa Kiswahili wameona haya kuwa ni unyonge. Pengine ni hivyo. Lakini lugha hiyo ya redioni si Kiingereza cha Waingereza pia, kwani Mwingereza anayeingia redioni na ufasaha wake wa kwao huleta hatari iliyo sawa na ya mgeni.

Kwamba neno laweza kuua, dunia ilijifunza mwaka wa 1977, na mwaka huo ulikuwa mzito kwa Afrika ya Mashariki pia. Mwanzoni mwa Februari ndege za East African Airways zilikoma kuruka, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ambao haukufunguliwa hata mwaka wa 1983. Machi 11 likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania. Jumuiya ikavunjika, na kurugenzi ya pamoja ikavunjika nayo: chuo cha Nairobi kikabaki Kenya, na chuo cha marubani cha Soroti, kilichofunguliwa mwaka wa 1971, kikabaki Uganda. Anga iliyokuwa moja ikawa tatu, na kila nchi ikalazimika kujitafutia walimu wake, vipuri vyake na kanuni zake za ndani.

Wakati huo huo, tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja kidogo cha kisiwa cha Tenerife, mali ya Hispania, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan American, ziligongana juu ya njia ya kurukia, wakafa watu 583. Hazikupaswa kuwa hapo. Zilipelekwa huko kwa sababu ya bomu lililolipuka katika kiwanja cha kisiwa jirani. Ukungu ulishuka, mnara haukuiona njia, wala kiwanja hakikuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini. Mwongozaji alimpa rubani wa KLM maelezo ya njia atakayofuata baada ya kuruka, na ndani ya maelezo hayo neno la kuruka lilitajwa. Rubani mkuu alikuwa ameshaanza kuondoka. Msaidizi wake alisema maneno ambayo yaliweza kuwa na maana ya kwamba wako tayari kuruka, au ya kwamba wanaruka. Mnara ukajibu kwa neno la kukubali, kisha ukamtaka angoje; lakini ndege nyingine ilisema wakati ule ule, sauti zikafungana, na agizo la kungoja halikusikika vema. Baada ya msiba huo neno la kuruka liliondolewa katika kila sentensi isipokuwa ile inayotoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Ni nadra katika historia ya lugha neno moja kufungiwa hivyo kwa ajili ya damu.

Mwanza yenyewe ilionja ubaya wa anga isiyo na macho miaka miwili baadaye. Katika vita vya Kagera, Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev iliyotumwa kuupiga mji ilikosa shabaha, mabomu yakaanguka katika kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Msiba mkubwa zaidi ulikuja wakati wa amani. Minofu ya sangara ilipoanza kupelekwa Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo za Kirusi, mnara wa Mwanza ukawa na kazi ambayo haukujengewa. Hata sinema ya Hubert Sauper ya mwaka wa 2004 iliyoleta magomvi mengi nchini ilianza ndani ya mnara huo. Tarehe 23 Machi 2005 ndege moja ya namna hiyo, Ilyushin Il-76, iliruka usiku ikiwa na shehena ya samaki, ikaanguka ziwani muda mfupi baadaye. Watu wote 8 waliokuwamo walikufa.

Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kununua rada, lakini si kwa nchi ya ziwa. Rada ya kampuni ya BAE ya Uingereza, iliyogharimu pauni milioni 28, ilikubaliwa na serikali ya London mwishoni mwa mwaka wa 2001 ingawa mawaziri wengine walipinga, na Benki ya Dunia ilisema kwamba ni ghali mno. Mashitaka yaliyofuata huko Uingereza yalimalizika kwa kampuni hiyo kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5, zilizoelekezwa katika vitabu na madawati ya shule. Ni jambo la ajabu kwamba chombo cha kuona angani kikumbukwe nchini kwa madawati. Kwa vyovyote, rada iliyosimama Dar es Salaam haiwezi kuona ndege iliyo juu ya Geita, maana mionzi yake huenda moja kwa moja na dunia ni mviringo. Ilipasa kungoja mkataba wa mwaka wa 2017 na kampuni ya Thales ya Ufaransa, uliohusu rada nne: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Songwe na Mwanza. Kwa hiyo mwongozaji wa Mwanza alipata macho karibu miaka 90 baada ya ndege ya kwanza ya barua kutua ziwani mbele ya mji wake.

Hata hivyo mviringo wa dunia unabaki, na ndege huonekana kwa shida zaidi kadiri inavyoshuka, yaani wakati hasa wa hatari. Viwanja vidogo viko vile vile vilivyokuwa. Mfano ulio bora ni Rubondo, kisiwa cha Mkoa wa Geita kilichoko kusini magharibi ya ziwa. Kilifanywa pori la akiba mwaka wa 1965 na wavuvi wake wakahamishwa. Kati ya 1966 na 1969 wakaletwa huko sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya, kwa juhudi za Bernhard Grzimek. Kisha kikawa hifadhi ya taifa katika mwaka ule ule wa 1977. Wageni wengi hufika kwa ndege ndogo, wakitua katika ukanda uliofyekwa ndani ya msitu.

Rubani aendaye Rubondo huagana na Mwanza penye mpaka wa anga ya mnara huo. Baada ya hapo hana wa kumpa ruhusa, kwani hakuna aliye na mamlaka ya kuitoa. Hujitangaza mwenyewe, katika masafa ya redio yanayotumiwa na wote walioko upande huo, na hutangaza kwa mpango uliowekwa: akiwa mbali kwa maili 10, akiwa juu ya kiwanja, akiwa sambamba na njia ya kurukia, akigeuka, akiwa ameielekea njia, na mwisho akiwa ameitoka. Kila mara hutaja jina la mahali mwanzo na mwisho wa maneno yake, ili aliyekosa la kwanza alipate la pili. Kwanza hupita chini juu ya njia bila kutua, apate kuona kama pana pongo au kiboko. Huutazama mfuko wa upepo kama walivyoutazama wenziwe wa mwaka wa 1931. Kisha hutua.

Kuna jambo hapa ambalo limewashinda wengi wanaojifunza kwa kuiga. Kuiga urukaji ni elimu ya zamani. Edwin Link, mwana wa mtengeneza vinanda wa Binghamton huko Marekani, alitengeneza mwaka wa 1929 sanduku lililotikiswa kwa mivukuto kama ya kinanda, nalo lilifundisha maelfu ya marubani wa vita. Mwaka wa 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa programu yake ya kwanza ya kuruka mbele ya kompyuta. Tangu mwaka wa 2001 uko mtandao wa dunia, VATSIM, ambamo watu wa kujitolea huigiza, hawa urubani na hawa uongozaji, kwa maneno yale yale ya kweli. Na programu ya mwaka wa 2020 ilijigamba kuwa na viwanja zaidi ya 37,000. Kijana wa Shinyanga mwenye kompyuta na umeme wa kutosha aweza leo kupiga hodi Tenerife.

Hapana shaka kwamba mazoezi hayo yana faida. Kwa kuwa mambo ya anga yamesimama juu ya neno, na neno hufundishwa kwa kurudiwa, mtu aliyerudia hodi mara elfu katika chumba chake hatababaika siku ya kweli. Waongozaji wenyewe hufundishwa hivyo, mbele ya ndege za picha, kabla ya kukabidhiwa ndege zenye watu. Ila mwigaji hupenda kujibiwa. Akikuta kiwanja cha kisiwa hakina mnara, huutia mnara. Huweka sauti ya kumkaribisha, kwa kuwa mchezo bila mwitikiaji humchosha. Hapo ndipo anapoiharibu elimu. Kuiga Rubondo vizuri ni kuiga kimya: kusema maneno yote kwa mpango wake, kwa uangalifu ule ule, bila kujua kama yuko asikiaye, na kutazama nje kwa bidii zaidi kwa sababu hiyo. Rubani aliyezoea kujibiwa huuona ukimya kuwa ni ruhusa. Kumbe ukimya angani hauna maana yoyote. Huenda ni njia tupu, au ni redio iliyokufa ya mtu anayekuja mbele yako.

Wala uigaji haufundishi ziwa. Maji haya makubwa hutengeneza mvua zake yenyewe: usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati yake na kuinua mawingu, na dhoruba husukumwa upande wa magharibi hata asubuhi. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam, iliikaribia Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kiwanja cha Bukoba kiko ukingoni kabisa mwa ziwa. Ndege iliingia majini kabla ya kuifikia njia, ikiwa na watu 43. Walikufa 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao; 24 waliokoka. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi, waliopiga makasia kutoka ufukoni, wakiuelekea mkia uliokuwa ungali juu ya maji.